Tundu kwenye jani si amri ya kupuliza dawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nijibu ushauri uliotoka kwenye safu yenu ya bustani, ule unaosema kwamba mtu akiona tundu la kwanza kwenye jani asisubiri, apulize dawa jioni hiyo hiyo, kisha arudie kila wiki mpaka matundu yakome. Mwandishi wa safu hiyo ni hodari, na mengi aliyowahi kuandika kuhusu udongo na mbolea nimeyafuata. Hili la tundu la kwanza nalikataa. Kazi yangu ni kutunza kitalu cha miche, na hawaishi watu wa kuniletea jani lililotobolewa, limekunjwa ndani ya mfuko, swali lao likiwa moja tu: nipulize nini? Siku hizi wengine wanakuja na gazeti lenu mkononi.

Nionavyo mimi, kasoro ya ushauri ule haimo katika dawa. Imo katika picha ya mmea aliyonayo mwandishi: kitu kimesimama, kinaliwa, kinamngoja mwenye bomba aje kukiokoa. Mpaka wewe unaliona tundu, mmea umeshajua kitambo kwamba unaliwa, mara nyingi umeshajua unaliwa na nani, na umeshaanza kazi. Anayepuliza bila kuangalia kazi hiyo imefika wapi anaweza kuivuruga.

Chukua mkasi, kata jani la kunde. Mmea utashughulikia jeraha, basi. Muweke kiwavijeshi kwenye jani hilo hilo, mambo yanageuka. Kiwavi anapotafuna anameza vipande vya jani pamoja na protini zilizomo katika sehemu za kijani zinazonasa mwanga wa jua. Tumbo lake linazikatakata protini hizo, na kipande kimoja kifupi mno, chenye asidi amino (vijenzi vya protini) 11 tu, kinarudi juu na mate yake na kugusa kidonda anapoendelea kula. Mwaka 2006 Eric Schmelz na wenzake huko Marekani walikitenga kipande hicho wakakipa jina la inseptini. Ukikidondosha kwenye jani la kunde lililochubuliwa, hata kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, mmea unaanza kujihami kana kwamba kiwavi yupo pale. Mwaka 2020 watafiti wakakigundua pia kipokezi chake, yaani protini inayokaa juu ya seli za kunde na baadhi ya jamaa zake wa jamii ya mikunde, tayari kukinasa kipande hicho kikipita.

Tazama ujanja uliopo hapo. Kunde haimtambui kiwavi kwa umbo wala kwa jina. Inaitambua protini yake yenyewe, ikiwa imerudi imekatwa pale ambapo tumbo la kiwavi huikata. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kunde imeamua kuikagua nguo.

Mahindi yana njia nyingine. Katika mate ya kiwavi anayeyala kuna kitu kiitwacho volisitini, kilichogunduliwa mwaka 1997, na chenyewe ni mseto: nusu yake ni asidi ya mafuta iliyotoka kwenye jani, nusu ya pili kiwavi ameiongeza mwenyewe. Kikigusa kidonda, mahindi yanajua. Kuna mimea inayojua hata kabla ya kuumwa, kwa kuguswa tu na mayai. Aina fulani za haradali hukausha kipande kidogo cha jani palipotagwa mayai ya kipepeo mweupe, mpaka mayai yenyewe yanakauka au yanadondoka. Mwenye bustani akiliona doa hilo anadhani ni ugonjwa, na huenda akanunua dawa ya ukungu.

Kisha kuna mtikisiko. Heidi Appel na Rex Cocroft wa Chuo Kikuu cha Missouri walirekodi, kwa mwanga wa leza, namna jani linavyotetemeka kiwavi anapolitafuna. Wakaicheza mitetemo hiyo kwenye mimea mingine ambayo haikuwa na mdudu yeyote. Baadaye viwavi wa kweli walipowekwa, mimea iliyokwisha "kutafunwa" kwa rekodi ilitoa kemikali kali za haradali kwa wingi kuliko ile iliyoachwa kimya. Walipocheza mtikisiko wa upepo, au wimbo wa mdudu mwingine asiyetafuna majani, hakuna kilichoongezeka. Utafiti huo ulitoka mwaka 2014.

Hapa niweke neno pembeni. Magazeti yanapenda sana kuandika kwamba mimea inalia na inapiga mayowe. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walionyesha kwamba nyanya na tumbaku zikikosa maji au zikikatwa hutoa milio mifupi ambayo sikio la binadamu haliisikii, na siku chache baadaye kila mahali ikawa kilio na uchungu. Chanzo kinachoelekea zaidi ni viputo vya hewa vinavyopasuka ndani ya mirija ya maji. Mmea hauna ubongo wala neva, na hauhitaji kuvishwa machozi ili ustahili kutazamwa. Kinachotokea ndani yake ni cha ajabu kuliko kilio.

Kinachotokea ni hiki. Seli zilizopasuliwa zinamwaga glutamati, kemikali ile ile ambayo ubongo wetu huitumia kupitishia habari kati ya neva. Glutamati inafungua milango kwenye seli za jirani, kalsiamu inaingia, na habari inakimbia kupitia mishipa ya jani. Mwaka 2018 Masatsugu Toyota na Simon Gilroy walitengeneza mimea inayong'aa palipo na kalsiamu nyingi, wakampa kiwavi jani alile, wakapiga picha. Kiwavi akikata, mwanga unawaka pale kwenye kidonda, unashuka kwenye kikonyo, unafika shinani, unapanda kwenye majani mengine ambayo hayajaguswa. Kasi yake ni kama milimita moja kwa sekunde. Kwa mmea mdogo hiyo ni dakika moja au mbili, na majani yote yana habari.

Majani yaliyopata habari yanatengeneza homoni ya kujihami iitwayo jasmonati, ambayo jamaa yake mmoja ndiye hutia harufu katika maua ya asumini. Homoni hiyo ikiamka, jeni nyingi zinawashwa kwa mpigo. Mwaka 1972 Clarence Ryan na mwenzake Green walikuwa wamekwisha kuona tokeo moja la kazi hiyo, kabla hata kazi ya homoni hiyo ndani ya mmea haijafahamika: jani moja la nyanya au kiazi likijeruhiwa na mbawakawa, majani yasiyoguswa nayo yanajaa protini zinazozuia umeng'enyaji chakula. Kiwavi anakula jani kama hilo, tumbo linajaa, ila protini ya jani haivunjwi sawasawa. Anakula lakini hakui.

Jambo hili nalisisitiza kwa sababu linabadilisha maana ya tundu. Kiwavi anayekua polepole anabaki mdogo na laini kwa siku nyingi zaidi, na mdudu mdogo laini ni windo rahisi. Jani ninalopenda kuona kitaluni ni lile lenye vitundu vidogo vidogo vilivyotawanyika, kimoja hapa, kimoja kule, kila kimoja kimeachwa njiani. Mlaji ameonja akahama, akaonja tena akahama. Kila anapohama anatembea waziwazi juu ya jani, mbele ya buibui na siafu. Jani linalonitia wasiwasi ni lile lililoliwa ukingoni kwa mstari mmoja mrefu mpaka kwenye mshipa mkuu, kinyesi kibichi kimejaa kwenye pembe ya kikonyo: hapo mlaji hajasumbuliwa na chochote. Mwandishi wenu anayaita yote mawili "dalili za mashambulizi" na kuyapa dawa moja.

Nyanya zilizoamshwa kwa jasmonati zimewahi kufanya jambo baya zaidi kwa viwavi. John Orrock na wenzake walichapisha mwaka 2017 kwamba jani likishakuwa chungu vya kutosha, viwavi waliomo humo wanageukiana na kulana mapema zaidi kuliko wangelana kwenye mmea usioamshwa. Mmea unapata faida mara mbili: walaji wanapungua, na aliyebaki ameshiba nyama.

Silaha za kudumu nazitaja kwa haraka tu, maana wengi wanazijua. Nikotini ya tumbaku hutengenezwa kwenye mizizi na kupandishwa majani yanapoliwa. Nywele za nyanya zina vifuko vya gundi. Ndizo zinazoacha ile harufu vidoleni ukigusa mche. Majani ya maharage yana nywele zilizopinda zinazonasa miguu ya wadudu wadogo. Utomvu wa mpapai una kimeng'enya kinachowadhuru viwavi, na watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2004 kwamba jani la mpapai likikatwa vipande na kuoshwa utomvu wake, viwavi waliokuwa wakifa kwa kulila wanalila na kunenepa.

Ila lililonifanya nikae chini kuandika barua hii ni harufu.

Mwaka 1990 Ted Turlings, James Tumlinson na Joe Lewis waliripoti kuhusu miche ya mahindi iliyoliwa na viwavi. Saa chache baada ya kuliwa, miche hiyo ilianza kutoa hewani mchanganyiko wa harufu ambao mche mzima hautoi, na ambao mche uliokatwa kwa wembe tu hauutoi kwa kiwango hicho. Ukiupaka mate ya kiwavi pale kwenye mkato, unautoa. Harufu hiyo inawaleta nyigu wadogo wasiouma watu, ambao jike huchoma kiwavi na kutaga mayai ndani ya mwili wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 1998 Consuelo De Moraes na wenzake wakaonyesha kwamba tumbaku, pamba na mahindi hutoa mchanganyiko tofauti kulingana na kiwavi anayekula, hata kama viwavi hao ni ndugu wanaofanana, na nyigu anayehitaji mmoja wao anautambua mmea alipo huyo na kuupita ule mwingine. Usiku tumbaku iliyoliwa hutoa harufu nyingine ambazo nondo majike huzikwepa wanapotafuta pa kutaga. Huko Utah, kwenye tumbaku ya porini, Andre Kessler na Ian Baldwin walipima nje shambani, si ndani ya chupa, wakaona mwaka 2001 kwamba harufu hizi kwa kuita wanaowala walaji na kwa kufukuza nondo zinaweza kupunguza idadi ya walaji kwa zaidi ya asilimia 90.

Anayetaka kuwaona wageni hao hahitaji maabara, anahitaji kupiga magoti na kugeuza jani. Kiwavi aliyechomwa huishi siku kadhaa akiendelea kula kidogo, amepoa. Kisha mabuu ya nyigu yanatoboa ngozi yake na kutoka, na kila buu linafuma kifuko chake hapo hapo, vyeupe au vya manjano, vimerundikana mgongoni au ubavuni mwake kama punje za mchele. Wateja wangu huviita mayai ya kiwavi na kuvisaga kwa kidole. Wamesaga nyigu ambao kila mmoja angekwenda kuchoma viwavi wengine. Kwa vidukari alama ni tofauti: katikati ya kundi la kijani utaona mmoja amevimba, amegeuka rangi ya shaba, hatikisiki hata umguse kwa jani la nyasi. Huyo ndani yake mna nyigu. Ukimkuta ana tundu la duara mgongoni, limekatwa safi, nyigu ameshatoka. Na mayai ya nondo yaliyogeuka meusi, pale ambapo wenzake ni meupe, mara nyingi yana nyigu wadogo zaidi ndani yake.

Sasa rudini kwenye ushauri wa safu yenu. Tundu linaonekana asubuhi. Mmea umeshaita. Nyigu yuko njiani, au ameshafika na yuko chini ya jani. Jioni mtu anakuja na bomba lenye dawa inayoua kila chenye miguu sita. Kiwavi mkubwa aliyejificha ndani ya shina au aliyejikunja katikati ya majani machanga anaweza kupona. Nyigu, anayetembea juu ya jani na mwili wake mwembamba, haponi. Wiki ijayo mayai mengine yanaanguliwa, mmea unaita tena, na hapo karibu hakuna wa kuitika. Matundu yanaongezeka, na mwandishi anasema rudia.

Haya si nadharia. Kwenye mashamba ya mpunga ya Indonesia kuna mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza mashina. Kadiri walivyopuliza ndivyo alivyozidi, kwa kuwa mayai yake yamo ndani ya mmea, salama, huku buibui na wadudu wanaomla wakifa kwa wingi. Mwaka 1986 serikali ya nchi hiyo ikapiga marufuku aina 57 za dawa kwenye mpunga.

Wala si kwamba kurudiarudia hakuna gharama nyingine. Nondo mdogo wa kabichi mwenye alama za almasi mgongoni alikwisha kuizoea dawa ya wadudu ya DDT mwaka 1953, na baadaye akawa mdudu wa kwanza kuonekana mashambani akistahimili dawa ya bakteria iitwayo Bt. Mdudu huyu ndiye pia aliyeishinda silaha ya kabichi yenyewe. Kabichi huweka kemikali mbili katika seli tofauti. Jani likitafunwa zinakutana na kuzaa ukali wa haradali. Yeye ana kimeng'enya tumboni kinachoiharibu moja kabla hazijakutana.

Nasema hivi ili nisionekane kama natangaza kwamba mmea hauhitaji msaada. Wadudu nao hawakulala. Kiwavi mmoja aliyebobea katika mikunde huikata ile inseptini ikapungua asidi amino moja ya mwisho, na kunde haiisikii tena. Inzi weupe walipatikana, mwaka 2021, wakiwa na jeni ambayo asili yake ni mmea, na wanaitumia kuzima sumu za mimea. Na sisi wenyewe tumechangia. Watafiti wanaofanya kazi Kenya waliripoti mwaka 2011 kwamba baadhi ya mahindi ya mbegu za asili yakitagiwa mayai na nondo wa bungua huita nyigu papo hapo, kabla kiwavi hajaanguliwa, wakati mahindi chotara waliyoyapima hayakufanya hivyo. Mwaka 2005 ilikuwa imeshaonekana kwamba mahindi mengi ya Marekani Kaskazini yamepoteza harufu ya mizizi inayowaita minyoo midogo ya udongo dhidi ya mabuu yanayokula mizizi. Hakuna aliyekusudia kuiondoa. Waliokuwa wakichagua mbegu walitazama mavuno, na mle shambani dawa ilikuwepo, hivyo mmea usiojua kuita haukuadhibiwa.

Zipo siku nami nachukua bomba. Mche wenye majani mawili ukiliwa jani moja hauna muda wa kungoja mgeni. Nzige wakitua hakuna harufu itakayowatosha. Na kiwavijeshi akiwa ameingia katikati ya mmea na hakuna dalili ya nyigu popote, nangoja nini? Lakini mmea mkubwa wenye afya, wenye vitundu vitatu vinne, si mgonjwa. Kujihami kunaugharimu nguvu ambayo ingekwenda kwenye ukuaji, ndiyo maana hauweki silaha zote nje muda wote; unangoja uumwe kidogo ndipo uzitoe. Anayetaka jani lisilo na tundu hata moja anataka mmea ambao haujawahi kuamshwa.

Kwa hiyo namwomba mwandishi wa safu airekebishe sentensi yake. Aseme: ukiona tundu, geuza majani ya mmea huo na ya jirani zake, tazama kama mlaji bado yupo, kama anakua, kama ana vifuko mgongoni, kama mayai yamekuwa meusi. Rudi baada ya siku mbili utazame kama matundu mapya ni mengi au machache kuliko ya kwanza. Kama walaji wanakua na hakuna anayewafuata, waokote kwa mkono ikiwezekana, na dawa iwe ya mwisho, iwe inayomlenga mdudu yule, ipulizwe penye mdudu peke yake.

Na kwako, Mhariri, ombi ni dogo. Picha ya kiwavi mliyoiweka kando ya makala ile ilichukua robo ya ukurasa. Nipeni robo kama hiyo kwa kidukari aliyevimba, rangi ya shaba, mwenye tundu la duara mgongoni, na chini yake mwandike kwa herufi nene: huyu msimpulizie.

Msomaji wenu,
Mtunza kitalu cha miche